Sikio la Kulia la Lieven Hoornaert

Mheshimiwa Meya wa Leiekerke, Bibi Annelies Vercruyce. Mheshimiwa Mwenyekiti wa klabu na wajumbe wa kamati. Mama Irma Hoornaert, ambaye kwa miaka yake tisini na moja nilipaswa kumtaja kabla ya Meya. Greet, mke wa mstaafu wetu. Ndugu wachezaji wa zamani na wa sasa. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi mliokaa karibu na mapipa ya bia, ambao najua mnasikia nusu tu ya ninayosema: habari za mchana.

Jina langu ni Marnix Coppejans. Mimi ni fundi bomba mstaafu kutoka ng'ambo ya mto, na najua baadhi yenu hamjanisamehe kuzaliwa huko. Kabla ya mabomba nilikuwa golikipa. Niliichezea timu ya taifa ya Ubelgiji mara tatu. Lieven Hoornaert, tunayemuaga leo baada ya kuifundisha klabu hii miaka ishirini na miwili, aliichezea mara arobaini na sita. Mtu anaweza kujiuliza: kwa nini huyu wa mara tatu ndiye aliyepewa nafasi ya kumzungumzia yule wa mara arobaini na sita? Ni swali zuri. Wengi wenu mnajua kipande cha jibu, kwa sababu mlikuwa mkitazama televisheni siku ile.

Ilikuwa Oktoba, miaka thelathini na miwili iliyopita, mechi ya kufuzu, mvua inanyesha tangu asubuhi. Hatukuhitaji ushindi, sare ilitosha. Dakika ya themanini na moja ukapigwa mpira mrefu wa juu kuelekea lango letu. Mimi nikatoka. Lieven, beki wa kati, alikuwa akirudi kinyumenyume, macho yake juu kwenye mpira. Tukakutana hewani. Kisogo chake kikapiga taya langu, mpira ukadunda kwenye nyasi na kuingia wavuni polepole, kama mtu anayerudi nyumbani bila haraka. Timu ikatolewa. Taya langu likavunjika sehemu mbili, na sikuitwa tena timu ya taifa.

Magazeti yalimwuliza kila mtu. Mimi, taya likiwa limefungwa kwa waya, niliandika jibu langu kwenye karatasi: "Niliita. Hakujali." Likachapishwa hivyo hivyo. Na nani angelikataa? Lieven alikuwa tayari na jina la kiburi. Waandishi walimwita Bwana Mgongo, kwa sababu ukimwita kutoka nyuma, alikuwa anakwenda zake tu. Kwenye basi la timu alikuwa na kiti kimoja, dirishani upande wa kulia, na ukikikalia alisimama hapo bila neno mpaka unyanyuke. Tulisema huyu anajiona mfalme. Baada ya siku ile nilikaa miaka kumi na moja bila kusema naye.

Tulikutana tena kwenye mazishi ya mzee Firmin, aliyekuwa akitunza jezi za timu ya taifa, mtu aliyetupenda wote sawa na kututukana wote sawa. Kanisani nikajikuta nimesimama pembeni ya Lieven. Nikafikiri, Firmin angetaka tuyamalize. Nikainama, nikamnong'oneza: "Lieven, nadhani yatosha sasa." Ni maneno machache, lakini yalinichukua miaka kumi na moja. Lieven akaendelea kutazama jeneza. Hata kope hakupepesa.

Nilitoka nje. Mama Irma alikuwa barazani mwa kanisa anahangaika na mwavuli wake. Nikamwambia, bila heshima, na leo naomba radhi mbele ya watu: "Mama, mwanao ni mtu wa ajabu. Nimempa mkono wa amani, amenifanya kama nguzo."

Akanitazama. "Ulisimama upande gani?"

"Upande gani vipi?"

"Kulia kwake au kushoto?"

"Kulia."

"Basi umeliambia jeneza," akasema. "Sikio lile lilikufa akiwa na miaka sita. Homa. Hajasikia kitu upande ule tangu darasa la kwanza. Rudi, ukasimame kushoto."

Ndugu zangu, naona mnatazamana. Msimtazame yeye, nitazameni mimi. Lieven mwenyewe aliniomba, wiki tatu zilizopita, niwaambieni leo. Alisema, "Sema wewe, mimi nitashindwa." Wapo humu waliofundishwa naye miaka kumi na hawakujua. Greet alijua, bila shaka. Greet ananiambia kwamba wakikosana Lieven hulalia sikio la kushoto, na mazungumzo yamekwisha.

Sikurudi kanisani. Jioni ile nilikwenda nyumbani kwake. Tukakaa jikoni, Greet akaweka kahawa, akatuacha. Nikamwuliza: "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia lini? Ulikuwa na waya mdomoni."

"Waya ulikaa wiki sita. Halafu je?"

"Halafu kulikuwa na mechi ya Machi."

Akazungusha kikombe chake, akasema kwa sauti ya chini, na nakumbuka kila neno: "Ningekwambia wewe, ungemwambia daktari wa timu, na ungekuwa na haki. Siku hiyo hiyo ningekwisha. Nilipima, Marnix. Wewe upande mmoja, mpira upande mwingine. Nikachagua mpira. Wiki zile zote nilikuwa nikijua kwamba uliniita, na kwamba uliniita kwenye sikio bovu, kwa sababu kocha alinihamishia upande wa kushoto wa beki ya kati, wenzangu wote wakawa kulia kwangu. Nilimwomba asinihamishe. Akasema, wewe ni nani uchague upande? Ningeweza kumjibu. Sikumjibu."

Nikaondoka bila kumaliza kahawa. Msidhani nilitoka pale nimesamehe. Nilitoka na hasira mpya, safi, kuliko ile ya zamani. Mtu huyu alikuwa ameniacha nimlaani kwa kosa la kiburi, kumbe kosa lilikuwa jingine.

Basi kwa nini nilirudi? Nilirudi kwa sababu ya udadisi. Mimi ni fundi; nikikuta maji yanatoka mahali ambapo hayapaswi kutoka, silali. Nilitaka kujua alifanyaje. Mnaelewa ninachouliza? Uwanja una watu elfu thelathini wanapiga kelele. Beki anaishi kwa kuitwa: geuka, mtu nyuma, acha, wangu. Mtu mwenye nusu ya kusikia alikaaje humo miaka tisa, dhidi ya washambuliaji wa Ulaya nzima, bila hata mmoja wetu kujua?

Kulikuwa na mzee mmoja wa mji wa Aalst aliyehifadhi kanda za mechi zote za taifa. Nikaazima. Majira yote ya baridi nilitazama, na kalamu mkononi. Mwanzoni nilitazama mpira, kama kila mtu. Kisha nikaacha mpira nikatazama kichwa cha Lieven. Kilikuwa hakitulii. Kushoto, kulia, bega hili, bega lile. Katika kipindi kimoja niliyahesabu mageuko yake: mia mbili na kumi na nne. Mwenzake wa kati, siku hiyo hiyo, hamsini na moja. Watangazaji walisema, "Hoornaert anausoma mchezo." Walisema kweli, kwa sababu alikuwa hana njia nyingine ya kuupata.

Nikarudi kwake na maswali, naye akaanza kujibu, kwanza kwa shida, kisha akicheka. Kiti cha basi? Dirishani kulia, ili watu wote wawe kushoto kwake. Midomo yetu? Alikuwa anaisoma, na alituambia wachezaji wa Liège ni wagumu kwa sababu ya masharubu. Na kipimo cha masikio? Hapo nilicheka mpaka Greet akaja kuangalia. Daktari wa wakati ule alisimama nyuma ya mchezaji akanong'ona namba. Alikuwa na namba zake tatu, na hakuzibadilisha miaka tisa. Lieven alimwuliza aliyetangulia kupimwa, akaingia, akasubiri kidogo, akazitaja.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa marafiki, Mheshimiwa Meya, tukiwa na umri wa miaka arobaini. Kila Jumatatu ya pili ya mwezi tunakula kome wa baharini kwa Greet, nami nakaa kushoto.

Sasa nimefika mahali ambapo Lieven mwenyewe hajui ninachotaka kusema. Karatasi aliyoisoma jana ilikomea hapa.

Katika kanda zile ipo moja ambayo sikuitazama. Mnajua ni ipi. Ilikaa ndani ya sanduku lake miaka ishirini, na mzee wa Aalst alifariki bila kuidai. Aprili mwaka huu, nilipokuwa nikiandaa hotuba hii, nilitaka kuhakikisha kama ilikuwa dakika ya themanini na moja au themanini na mbili. Nikaiweka.

Walirudia tukio lile taratibu, kwa kamera iliyokuwa ikinitazama usoni. Nilijiona nikitoka langoni. Nilijiona nikikanyaga, nikiruka, mikono juu. Nikarudisha nyuma. Nikatazama tena, nikamwita mke wangu atazame, nikamwuliza anaona nini. Akasema, "Naona umeuma meno."

Mdomo wangu ulikuwa umefungwa, ndugu zangu, tangu hatua ya kwanza mpaka kisogo chake kiliponifikia. Nikakumbuka kwamba daktari aliyeniunga taya aliniambia nina bahati, mdomo ungekuwa wazi ningeukata ulimi. Maneno hayo niliyasikia nikiwa kitandani na sikuyaelewa, au sikutaka. Niliandika "Niliita" kwa sababu golikipa huita. Nilikuwa nimeita mara elfu katika maisha yangu. Niliamini niliita na siku ile. Labda mvua, labda woga. Sijui, na nimejiuliza tangu Aprili.

Lieven, nimegeuka ili uione midomo yangu, kwa hiyo nitasema taratibu. Sikuita. Hukukosa kusikia kitu chochote, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kusikia. Mtu mwenye masikio manne asingenisikia. Ulinificha sikio lako, hilo ni lako, tulikwisha kulimaliza. Lakini goli lile na taya hili umevibeba miaka thelathini na miwili, na vilikuwa vyangu.

Nilitaka kukwambia jikoni, nikaona hapana. Nilikutuhumu mbele ya nchi nzima. Ukumbi huu ndio mkubwa zaidi nilioweza kuupata.

Mheshimiwa Meya, Mama Irma, ndugu wageni, nawashukuru kwa kunivumilia mpaka mwisho. Nilikuwa nimeandika ukurasa mmoja zaidi, lakini naona Lieven amesimama, na nadhani ana la kusema. Nampisha.