Jedidah Mkawasi na Tovuti Iliyojifunza Kusema Haijui

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi, Bi. Jedidah Mkawasi anastaafu tarehe 30 Juni. Katika ofisi yetu ya tahadhari ya ndovu hapa Voi, hakuna mwandishi wa programu mwingine aliyedumu hata nusu ya muda huo.

Alianza kwa kutengeneza kompyuta za ofisi, kisha akaunda tovuti ambayo mkulima huifungua kwa simu kabla ya kwenda shambani. Tovuti hupokea taarifa kutoka kwa kola, yaani mikanda ya shingoni yenye kifaa cha kuonyesha mahali, walizovishwa ndovu, kisha huandika SALAMA au HATARI. Geoffrey wa mapokezi alimbatiza Mama Hakikisha, kwa kuwa hagusi chai kabla ya kuuliza, "Geoffrey, hii ni sukari ama ile chumvi ya juzi?"

Ameomba wasifu huu usifiche kisa cha kijiji cha Makwasinyi, nasi tumemtii.

Katika lugha za programu alizosomea ujanani, sharti likivunjika programu husimama papo hapo. Kwa hiyo katika skripti, yaani maagizo yanayoendesha tovuti, aliweka amri ya console.assert yenye sharti moja: taarifa ya kola isiwe ya zamani kuliko saa moja. Lakini kwenye kivinjari amri hiyo haisimamishi chochote. Huandika tu onyo katika konsoli, mahali ambapo fundi hutazama makosa na mkulima mwenye simu hafiki kamwe. Betri ya kola moja ikaisha. Onyo likaandikwa kwa rangi nyekundu, bila msomaji, huku ukurasa ukiendelea kutangaza SALAMA kwa taarifa ya jana. Sylus Mwakio, mkulima wa Makwasinyi, aliusoma, akaenda kuangalia mahindi yake. Hakurudi.

Jedidah alikwenda matangani akiwa ameamua kuacha kazi. Alimweleza mjane wa Sylus, Mama Lois, kosa lilikuwa la nani, na kwamba anaondoka. Mama Lois akasema, "Ukiondoka, nani ataitengeneza? Wewe rudi. Kama hiyo simu haijui, iseme haijui."

Alirudi. Ile console.assert aliiacha mahali pake, maana humwonyesha fundi kosa lilipo. Lakini kando yake aliandika hatua ya kusimamisha skripti na kufuta neno SALAMA. Siku hizi sharti likivunjika, skrini nzima husema: HATUJUI NDOVU WAKO WAPI. USITOKE. Wapo waliolalamika kwamba tovuti imeingiwa na woga. Hakuibadilisha.

Hatusemi kwamba deni la Makwasinyi limekwisha. Aliyezikwa amezikwa. Ila wiki iliyopita betri nyingine ilikufa, na Mama Lois akapiga simu ofisini: "Mwambieni Jedidah imesema haijui. Niko ndani." Jedidah aliposikia, aliketi, akaletewa chai, akainywa bila kuuliza kama ni sukari.

Asante, Jedidah. Ulitukataza kuliandika neno salama kabla ya kulihakikisha, kwa hiyo hapa hatulitangazi; tunakuombea tu. Siku zako zilizobaki ziwe salama.