Kikombe cha Ziada cha Doreen

Kijiwe cha Doreen kiko kando ya barabara iendayo Itungi: benchi moja, jiko la mkaa, birika, na vikombe vya udongo vilivyofinyangwa na Wakisi wa ufukweni. Kila mtu wa benchi ana chake, na cha mwenzio hukigusi hata koo likikauka. Mzee Aliko, aliyewahi kupakia mizigo melini, huitwa Kapteni. Sadoki, fundi pikipiki, huitwa Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Asubuhi hiyo Lugano alibanwa katikati yao, kompyuta mapajani, macho mekundu. Alikuwa amerudi kutoka chuo na programu ya kuendesha feni mbili za kaushio la kakao la kina mama. Zilipaswa kupokezana: moja ivume kwa nguvu, nyingine polepole, kisha zibadilishane. Tangu juzi zote zilivuma polepole, na kakao ilikuwa imeanza kunuka ukungu. Mama Nancy, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa njiani kuja kuamua kama mtambo unabaki au unang'olewa.

— Ni umeme, — alisema Redio. — Wa huku ukifika umeshachoka.

— Mbona wewe huchoki? — aliuliza Kapteni.

— Basi ni ziwa. Upepo unaingia kaushioni, feni zinaona kazi imeshafanyika, zinategea.

— Gwe Redio, feni haitegei. Moja imempenda mwenzake, inamuiga. Nimeyaona melini: injini mbili zikikaa chumba kimoja miaka mingi, moja ikikohoa na nyingine inakohoa.

— Yalikuwa mafuta machafu, Kapteni.

— Na mapenzi ni nini?

Lugano aligonga kompyuta kwa kidole.

— Si feni. Ni kompaila yangu.

— Ndiyo nini hiyo?

— Ndiyo inayochukua maagizo niliyoandika na kuyageuza yawe lugha ya mashine. Nimeitengeneza mwenyewe. Juzi nikaipa ufagio.

— Ifagie nini?

— Nakala. Ikikuta jina linabeba tu thamani ya jina lingine, inaliondoa, inamtumia mwenyewe mwenye thamani.

— Safi sana, — alisema Doreen akimimina. — Hapa palikuwa na kikombe hakina mwenyewe, kazi yake kushika kahawa za watu. Jana nimekipeleka nyumbani, mama anawekea chumvi.

Kapteni alionja, akakunja uso.

— Doreen, hii ina sukari. Unataka zahanati wanigombeze tena?

— Basi yako iko kwa Redio. Badilishaneni vikombe.

Walimtazama kama aliyewaambia wabadilishane meno.

— Nimiminie yako humu, — alisema Redio, — halafu nikurudishie yangu.

Kapteni akamimina. Redio akarudisha. Wakaonja wote wawili.

— Bado ina sukari.

— Na yangu sukari haitoshi.

— Sasa mlitegemea nini? — alisema Doreen. — Hiyo ni kahawa moja ndani ya vikombe viwili.

Lugano aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. Kahawa moja, vikombe viwili. Mwendo mmoja, feni mbili.

— Ndiyo hiyo, — alisema. — Nilikuwa na jina la tatu. Thamani ya kushoto ikae pembeni, ya kulia iende kushoto, ya pembeni iende kulia. Ufagio umeliondoa.

— Na wewe usione?

— Ndani ya kompaila kuliondoa hakudhuru, Kapteni. Humo kila jina hupewa thamani mara moja tu, haligeuki. Zamu mpya, jina jipya, na mabadilishano yanahesabiwa kuwa ya pamoja. Kosa ni pale programu inapotoka humo kwenda kwenye mashine. Mashine haijui pamoja, inafanya moja moja. Kushoto ikichukua ya kulia, ya zamani imefutika. Kulia nayo ikienda kuchukua, inakuta ya kwake mwenyewe.

— Kama habari za Redio, — alisema Kapteni. — Unaenda kusikia mpya, unakuta ni ile uliyompa wewe asubuhi.

Lugano aliandika haraka: wakati wa kutoka, kompaila itazame kwanza; penye kupokezana namna hiyo, itafute nafasi ya pembeni. Akajaribu kwenye kompyuta yake. Namba kubwa na namba ndogo zikapishana kiooni, zikapishana tena.

— Mapenzi yameisha, — alisema Kapteni.

Doreen alikuwa ameshajaza vikombe upya, na chake Mama Nancy pia, pale mwenyewe alipofika na kuketi.

— Mugonile, — aliwasalimu, akapokea kikombe na kushukuru. — Ndaga.

Lugano akamweleza yote, kahawa na feni. Mama Nancy alitazama vikombe vilivyofurika.

— Na vyote vikiwa vimejaa hivi, hiyo ya pembeni utaimimina wapi?

Lugano alizijua nafasi za kumbukumbu za kile kidude cha bei nafuu kinachoziongoza feni pale kaushioni: joto, unyevu, saa, feni mbili. Zote zimejaa.

— Kakao inaingia jioni, mwanangu, — alisema Mama Nancy. — Siianiki juu ya labda.

Wakanywa. Doreen akainamisha birika, likatoa machicha.

— Imeisha.

Kapteni akamalizia fundo la mwisho, akaweka kikombe benchini. Lugano alikitazama. Punde tu kilikuwa kimejaa; sasa kitupu.

— Joto, — alisema polepole. — Likishasomwa na feni zikaamuliwa, halina kazi tena hadi lipimwe upya. Limeshanywewa. Nafasi yake ni tupu.

— Basi una hadi jioni, Lugano.

— Jioni, mama.

Doreen alinyoosha mkono akusanye vyombo. Kapteni, ambaye hakuwahi kumwazima mtu kikombe chake, akamzuia.

— Hicho kiache hapo. Kishike kahawa za watu mpaka utakapokirudisha kile cha chumvi.