Mke Aliyemwita Koplo Mwongo

Benchi la Mama Gaudiosa liko kwenye kona ya stendi ya Mbinga, ubavuni mwa duka la mitumba, na watu wake hawafukuzwi hata na mvua. Zamani kahawa ya milimani hapa watu waliijua ikiwa ndani ya gunia, inakwenda ushirika. Siku hizi ni soko huria, wanunuzi binafsi wanapishana na magari yao, na Mama Gaudiosa naye kajifunza kukaanga zake chache na kuziuza kwa kikombe. Asubuhi hiyo alikuwepo Zabron, anayepandisha usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, kutoka Mbamba Bay, wamemwita Mwambao. Alikuwepo Hyasinti, aliyebandikwa jina la Idhaa kwa kuwa redio haimtoki kwapani. Kati yao alikaa Koplo Pankras, aliyekwenda vita ya Kagera akarudi na ugonjwa ambao madaktari hawakuupata kwenye damu wala kwenye picha. Miaka yote viungo vinamwaka moto, usingizi haumpumzishi, na wenye midomo yao wanamwita mvivu. Bodi ya madaktari ya Songea ilishamkatalia malipo ya ulemavu, akakata rufaa, na jana amerudi ameshinda. Magoti ni yale yale, lakini moyo ulikuwa mwepesi, jamani, mwepesi kweli.

— Mimi ndiye niliyemshindia, alianza Mwambao. Nilimwambia, Koplo, ingia ukichechemea. Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki anaingiaje kwenye bodi ya madaktari? aliuliza Idhaa.

— Mimi muuza samaki, unataka nitumie methali ya ng'ombe?

— Hukumshindia kitu. Hii ni siasa. Vyama vingi vimekuja, wakubwa wanaogopa kura za askari wastaafu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Sasa hapo chema ni nani?

— Utajua mwenyewe.

— Na ugonjwa nao ni siasa? Ule ni maji, bwana. Walikunywa maji ya mtoni yaliyolala na risasi. Risasi ikiyeyuka inakwenda kukaa kwenye goti.

— Risasi haiyeyuki kwenye maji. Ule ni moshi wa siri, nimeusikia redioni. Hauna rangi, hauna harufu. Unauvuta leo, unaumwa ukishasahau.

— Kama hauna rangi wala harufu, nani aliuona?

— Ndiyo siri yenyewe!

— Basi ni nyama ya kopo, Mwambao hakukubali kushindwa. Yule ng'ombe wa kopo hachinjwi, anazimwa na umeme. Ule umeme unabaki kwenye nyama. Koplo kala, ndiyo maana viungo vinawaka!

— Kama Koplo ana umeme, mbona redio yangu inakula betri nikiwa nimekaa naye hapa?

Benchi zima likaangua kicheko, na Pankras akacheka mpaka akashika mbavu. Zamani maneno kama hayo yalimchoma, maana chini ya kila utani alisikia neno lile moja, mvivu. Leo aliyasikia kama maneno ya watu wanaompenda wasiojua la kusema.

— Mwacheni aseme mwenyewe, alikata Mama Gaudiosa akimimina. Koplo, ilikuwaje?

— Mara ya kwanza niliharibu mimi. Nilivaa suti, nikapiga viatu rangi, nikaingia kikakamavu. Mwenyekiti alikuwa mkubwa jeshini, nikampigia saluti. Akaniuliza, Koplo, hujambo? Nikajibu, sijambo, afande. Afya? Njema, afande.

— Toba!

— Ningesemaje? Mkubwa anakusalimu, wewe unamrukia na magoti? Mtu hujibu njema kwanza. Akishapewa kiti ndipo anasema "ila". Nikawa nangoja kiti.

— Na kiti?

— Hakikuja. Wakaniambia nenda nyumbani.

— Safari hii ukajirekebisha, alisema Mwambao. Ukachechemea.

— Wapi! Afande kaniuliza, mdomo ukajibu wenyewe, njema! Ndipo mke wangu Mektilda, aliyekaa mlangoni kanishikia koti, akainuka. "Mwongo huyo!"

— Mbele ya bodi?

— Mbele ya bodi. "Mume wangu ni mwongo, waheshimiwa. Asubuhi viatu namvisha mimi. Jembe analibeba majirani walione, lakini mashimo ya ngolo, kilimo chetu cha milimani, nachimba mimi. Usiku analia anadhani nimelala. Halafu anakuja hapa anasema njema!"

Pankras alipuliza kahawa yake. Alikumbuka alivyotamani ardhi ipasuke immeze. Bodi ile ya kwanza ilidhani anadanganya kuumwa, na sasa mkewe mwenyewe amesimama kutangaza kwamba anadanganya uzima.

— Afande akavuta kiti, aliendelea. Akasema, kaa, Koplo. Nikakaa, nikasema yote. Akaniambia, hatujui kinachokuumiza, lakini kwamba unaumia, tumekuamini.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na mkewe! alipiga kelele Mwambao.

— Na ulimwengu, Mwambao, alisahihisha Idhaa.

— Kwa aliyeoa, mke si ndiye ulimwengu?

Wakacheka tena. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kwenye mitumba muda wote huo, furushi kichwani, anajifanya kuchagua sketi. Akasogea.

— Shikamooni. Mimi Ephrasia, natoka Mbuji. Samahanini, huo ugonjwa unaitwaje?

Mwambao akamtazama Idhaa. Idhaa akaitazama redio yake. Mama Gaudiosa akatikisa birika, likalia tupu.

— Hauna jina, mama, alisema Pankras. Hawakunipa.

— Basi ndio wa mume wangu Methodi. Na yeye alikuwa Kagera. Anaamka amechoka, anashika mikono kama imeungua. Hospitali wanasema mzima. Mbuji nzima wanamwita mvivu. Na mimi namwita hivyo hivyo.

Akaanza kulia pale pale, furushi likiwa bado kichwani. Pankras aligeuka kumtazama vizuri. Miaka yote alidhani Mungu amemchagua yeye peke yake Umatengoni, kumbe ng'ambo ya vilima kulikuwa na mwenzake amelala na moto ule ule.

— Lori lililokuleta linarudi Mbuji saa ngapi? aliuliza.

— Hivi sasa. Wanamalizia kupakia chumvi.

— Nitapanda. Nataka kuongea naye mwenyewe, nawe uwepo.

Desturi ya Koplo ilikuwa kungoja watu wageuke upande mwingine ndipo ajikongoje kuinuka, asionekane. Sasa aliweka kikombe chini, akanyoosha mikono yote miwili.

— Mwambao, niinue. Siwezi mwenyewe.

Mwambao akamshika makwapani, akamwinua mbele ya stendi nzima.