Kabati la Michezo Lisilopumua

Hebu tegua hiki, mjukuu wangu: nimemjengea mgeni chumba kizuri, lakini kila baada ya dakika ishirini anazimia kwa joto. Umeshindwa? Ni skrini ya michezo ya video, iliyofungiwa ndani ya kabati la mbao na seremala mmoja aliyepanda basi na feni ndogo mapajani, akawa anamwuliza mama fundi wa friji aliyeketi kando yake aifunge wapi.

"Hilo kabati lako la michezo lina matundu nyuma?"

"Matundu? Mimi? Nimeziba kila upenyo kwa gundi na unga wa mbao, nikapiga msasa."

"Ewe kaka, umeipika skrini! Toboa chini hewa iingie, toboa na juu, feni ivute joto nje. Kwani unamtengenezea nani?"

Seremala akageukia dirisha. Kumwambia atoboe kazi yake ni kama kumwambia mshonaji achane gauni.

"Au dakika ishirini zinawatosha?" fundi akamchokoza.

Basi likasimama. Seremala akachomoa penseli sikioni, akachora kiganjani duara la tundu la feni.

"Ndugu yangu. Tuligombana miaka sita iliyopita, na Jumamosi anakuja tucheze kama utotoni. Dada, kwa ubishi wetu, saa nzima itapita kabla mmoja hajasema samahani."