Tangi Lisiachwe Peke Yake

Ndugu, jamaa, majirani na wenzetu wa kazini, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, nisome maisha ya dada yetu, nami nitayasoma kama yeye alivyotaka taarifa zisomwe, tarehe kwanza na sifa baadaye, na kabla sijamaliza nitaeleza kwa nini mtu mmoja ambaye wengi wenu mnamtafuta kwa macho hayupo hapa.

Alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba za watumishi wa ghala la nafaka, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa mtunza ghala, ambaye ametutangulia, na mshona nguo, huyu mama yetu aliyekaa mbele na fimbo yake. Alianza shule ya msingi Januari 1975, sekondari ya wasichana mwaka 1982, na chuo kikuu mwaka 1988, akasomea biolojia hadi shahada ya pili, na tangu darasa la tatu aliitwa Kwanini, kwa kuwa hakuna mwalimu aliyemaliza kipindi bila kuulizwa neno hilo.

Tarehe 3 Aprili 1995 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa vyakula, maabara namba nne, chumba chenye dirisha moja, friza mbili na tangi la chuma la lita hamsini. Tarehe 17 Agosti 1996 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu huyu, aliyezoea kusema kwamba katika nyumba yake yeye ndiye mke mdogo, mke mkubwa ni tangi. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1998, na kijana ambaye ni fundi umeme, aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 2001.

Mwaka 2004 mama aliteleza mlangoni pa bafu akavunjika nyonga, na kuanzia hapo dada hakufanya kazi nyingine ila ya kutafuta dawa ya mifupa. Ndani ya soya kuna dutu ambayo bakteria wa tumboni mwa baadhi ya watu huibadilisha kuwa dutu nyingine, iliyotarajiwa kuisaidia mifupa ya wanawake waliokwisha kukoma hedhi, ila si kila tumbo lina bakteria hao, kwa hiyo alichukua jeni zinazofanya badiliko hilo, akazipandikiza katika bakteria wa maabara, akawaotesha tangini ndani ya maji ya soya, ili wafanye kazi ambayo tumbo la mama halikuiweza. Ilimchukua miaka kumi na miwili, na mwaka 2016 wanawake sitini na wanne wa mtaa huu walijitolea kumeza vidonge vyake.

Kanuni ni kwamba kila mzunguko wa tangi huanza na mbegu mpya ya bakteria, kutoka kwenye kichupa kilichogandishwa tangu mwanzo. Kuiotesha mbegu hiyo huchukua siku mbili, muda ulikuwa umebana, ndipo akamwambia fundi wa maabara, yule tunayemwita Dada Dakika kwa kuwahi kwake, achote kidogo katika tangi la jana aanzishie la leo, kama mama alivyogandisha mtindi kwa kijiko cha mtindi wa jana. Mtindi haukumwangusha mama hata siku moja. Bakteria walimwangusha dada, maana jeni za kupandikizwa kwao ni mzigo wa mtu mwingine, na vizazi vilivyofuata viliutua njiani, tangi likaendelea kutoa povu na harufu ile ile, na ndani hamna kitu.

Kipimo cha Jumatano, tarehe 9 Novemba 2016, kilitoa sifuri, kikarudiwa, kikatoa sifuri. Wafadhili walitarajiwa Ijumaa. Mkuu wa kituo wa wakati huo alimwambia, "Kwanini, funika kombe mwanaharamu apite, na ikibidi, andika ni uzembe wa fundi." Alimjibu, "Fundi alifanya nililomtuma, na mama za watu wanameza maharage." Saa kumi jioni ile ile aliwakusanya akina mama ukumbini akawaambia wamemeza unga mtupu kwa majuma matano na kwamba kosa ni lake, na jirani yetu wa nyumba ya kona, aliye hapa leo, akauliza, "Kwa hiyo, mwanangu, maharage yote hayo, na hata gesi sikuambulia?" Baadhi walicheka. Wawili hawakumsalimia tena.

Utafiti ulifungwa, akavuliwa cheo, akafundisha usafi wa vyombo kwa miaka sita. Mwaka 2023 kamati ilimruhusu kurudi kwa sharti moja, mizunguko mitatu mfululizo, kila mmoja kutoka kichupa kilichogandishwa, itoe kiwango kilichowekwa kabla ya tarehe 30 Juni 2025, la sivyo mlango ufungwe moja kwa moja. Katika friza vilibaki vichupa vitatu vizima. Cha nne hakikuwepo.

Tarehe 20 Januari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akawa analazwa na kuruhusiwa. Mzunguko wa kwanza ulifaulu tarehe 28 Aprili, wa pili tarehe 22 Mei, na wa tatu ulianza Jumatatu, tarehe 9 Juni. Siku hiyo, akiwa kitandani, alimuuliza Dada Dakika, "Umeanzia wapi?"

"Kwenye kichupa, Daktari."

"Umekiona kwa macho yako?"

"Nimekishika kwa mkono wangu."

Kesho yake alimwagiza, mbele yetu sote, "Usiache tangi uje kunizika. Mimi nitakuwa nimeshafika, tangi bado liko njiani." Alifariki Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba saba, majirani mliolala nasi chini siku tatu hizi, wafanyakazi wa kituo, na akina mama sitini na wanne, wakiwemo wale wawili, ambao nimewaona wakiingia.

Sasa ni saa tano na dakika ishirini, na kipimo cha mzunguko wa tatu ni saa sita. Dada Dakika hayupo hapa kwa sababu hiyo, asihesabiwe vibaya. Simu iko mfukoni mwa shemeji, hajaizima, mtuwie radhi ikilia makaburini, na jibu litakalotoka, liwe namba au liwe sifuri, nitalisema kwa sauti hapo hapo, kama yeye alivyolisema lile.

Dada, pumzika kwa amani. Tangi lina mtu.