Rejeta ya Oili na Kipande cha Kitenge

Ndugu zangu, nilipewa dakika kumi. Niliomba ishirini, tukakutana kumi na tano, na mwenyekiti anajua fika kwamba kumi na tano ndizo nilizozitaka tangu mwanzo. Kaeni vizuri. Nina furaha iliyoninyima hamu ya kula tangu Jumanne, na wanaonifahamu watawaambia mimi si mtu wa kukosa hamu ya kula.

Mnanijua kwa vitenge vyangu pale sokoni Kimironko. Wachache mnajua kwamba nina theluthi moja ya ndege. Chekeni tu, hata mume wangu alicheka. Ni ndege ya kweli, ya viti viwili, na tumeiunda wenyewe katika ua wa nyuma ya nyumba moja huku Niboye. Tuko watatu. Wa kwanza ni fundi wa ndege aliyestaafu. Wa pili ni rubani, mama wa watoto wawili, anayefundisha watu kurusha. Wa tatu ni mimi, ambaye kupanda ngazi tu kunanitia kizunguzungu. Walikuja kwenye meza yangu kutafuta kitambaa cha bei rahisi wajifunzie kushona kabla ya kukata kile cha mabawa chenyewe. Nikawauzia. Kisha nikawasindikiza kwa muuza misumari, kwa muuza gundi na kwa muuza bati, na kila mahali bei ikashuka. Fundi akaniangalia, akasema, "Mama, wewe hutoki humu." Tangu siku hiyo kazi yangu ni kununua.

Sasa sikilizeni nilivyoanguka.

Injini yetu inapozwa kwa upepo na kwa oili. Kigali tuko juu, hewa yetu ni nyepesi na haipozi kama ya kule chini kwenu, akina mama mliotoka pwani. Oili ikichemka kupita kiasi inakuwa nyepesi kama maji, chuma kinakula chuma, injini inazima. Ikizima juu ya vilima hivi vyetu, hakuna pembeni ya barabara pa kuegesha. Kwa hiyo oili inapitishwa kwenye rejeta yake, ndogo, yenye vibati vyembamba, upepo unaipuliza, inarudi kwenye injini imepoa.

Fundi akaniambia, "Nenda Gatsata kwenye spea, uangalie rejeta za oili. Uangalie tu, mama. Usinunue."

Ndugu zangu, nawaambia, mtu kama mimi haambiwi maneno hayo.

Nikafika Gatsata, muuzaji akanionyesha dude kama mlango wa kabati. "Hii iko ya lori, mama. Kama inapoza lori, hiyo ndege yako itaomba sweta!"

"Na ile ndogo?"

"Hiyo iko bei ile ile."

Kubwa na ndogo, bei moja! Nani mwenye akili timamu anachukua ndogo? Nikahesabu vibati vyake, nikahesabu tena, nikaibeba kubwa.

Fundi aliinyanyua kwa mikono miwili. "Mama, hii ni rejeta au godoro?" Alisema nzito, alisema upepo hautapita. Nilimjibu. Alijibu. Nikamjibu tena. Hicho ndicho kipaji changu, na siku ile kilinidhuru: nilimshinda mtu aliyekuwa na haki. Akaifunga huku akitikisa kichwa.

Tukaifunga ndege kwa kamba tukawasha injini. Fundi alikuwa ameandika ukutani kwa rangi nyekundu: digrii mia na kumi na tano. Oili isizidi hapo. Sindano ya geji ikapanda, ikapita mia na kumi na tano, ikasimama mia na ishirini na saba.

Mnajua nilifanya nini? Nilipatana na sindano. Kwangu mimi bei ya kwanza si bei, ni salamu. Nikasema geji inatia chumvi. Nikasema jua kali. Kesho yake tukajaribu asubuhi na mapema, mia na ishirini na saba. Fundi akasema, "Godoro litoke." Lakini vibali vyote vilikuwa tayari, siku ya kuruka ilikuwa imepangwa, na mimi nilikuwa nimeshatangaza soko zima, kuanzia kwa washonaji hadi kwa wauza ndizi. Nikamwomba jaribio moja tu zaidi.

Fundi alipokwenda kula, niliingia peke yangu. Ile sensa inayopima moto imefungwa kwa kibanio juu ya paipu ya oili. Nikalegeza kibanio. Nikakunja kipande cha kitenge, cha bluu, mara nne. Nikakiweka kati ya sensa na paipu, nikakaza. Chuma kikawa hakigusi chuma.

Mchana ule sindano ikasimama mia na tisa. Rubani akanikumbatia. Fundi akakuna kidevu, akauliza, "Imepoa yenyewe?"

"Labda imezoea," nikasema.

Akina mama wa safu ya nyuma, naona mnatikisa vichwa. Tikiseni. Ninastahili.

Siku ya kuruka tukawa uwanjani. Watoto wa rubani walisimama kwenye uzio na soda zao, mdogo amevaa fulana aliyoichora ndege mwenyewe kwa kalamu. Rubani alishaingia, ameshafunga mkanda. Akaniita.

"Dada, ile namba ya oili, umeihesabu mara mbili?"

Anajua mimi nahesabu kila kitu mara mbili. Chenji, mita, watoto wangu wakitoka shule. Alitaka neno moja tu kutoka kwangu awashe injini.

Ndugu zangu, mimi nimewahi kumwambia mteja rangi haichuji, na najua itachuja kabla hajafika stendi. Uongo ninao wa kutosha, umekunjwa vizuri kwenye rafu. Nikafungua mdomo nitoe mmoja. Nikamwona yule mtoto wa fulana anampungia mama yake mkono.

Nikasema, "Shuka."

"Unasemaje?"

"Shuka kwenye ndege. Chini ya sensa kuna kitenge."

Fundi akafungua, akakivuta. Kilikuwa na rangi ya chapati iliyosahauliwa jikoni. Akakigeuzageuza, akaniuliza taratibu, "Hiki kinauzwaje kwa mita?" Mimi nalia. Rubani aliwachukua watoto wake akaondoka, na ule mgongo wake siwezi kuwaeleza.

Kesho yake alikuja mezani kwangu Kimironko, akakaa kwenye kigoda changu.

"Sikuja kununua."

"Najua."

"Ungesema ndiyo, ningeruka."

"Najua, dada."

Akakaa pale mteja mmoja akija, mwingine akienda. Kisha akasema, "Basi nenda katafute rejeta. Na safari hii mwache mzee fundi amalize sentensi zake."

Hapo ndipo nilipoinuka, ndugu zangu!

Mzee alimaliza sentensi zake zote, na zilikuwa nyingi. Aliwasha feni ya nyumbani, akaweka godoro langu mbele yake, akashika kijiti cha udi. Moshi ukafika kwenye vibati, ukakataa kuingia, ukapita pembeni. "Umeona? Usiulize ni kubwa kiasi gani. Uliza upepo unaingia wapi na unatokea wapi." Vibati vya lori vimebanana mno, na lori lina feni kubwa ya kulazimisha. Sisi tuna upepo tu.

Basi nikarudi Gatsata na feni begani na pakiti ya udi. Mnajua pale hawana huruma. "Yego, ndiyo huyo, mama mchungaji amekuja kuziombea rejeta!" Mwingine, "Sha, rafiki, muulize kama anatoa na mapepo ya giaboksi!" Nikawaambia chekeni, lakini mnipe umeme. Nikajaribu kumi na moja. Kila moja mara mbili. Ya kumi na moja ilikuwa ya magari ya mashindano, mpya, ndani ya boksi, ndogo kuliko Biblia ya mama mkwe wangu. Moshi ukapita katikati kama umeitwa kwa jina! Nilipiga kelele hadi muuzaji akadhani nimeshikwa na shoti. Fundi akaitumbukiza kwenye beseni la maji, akaijaza pumzi, haikutoa hata kiputo kimoja. Akaitengenezea mdomo wa bati wa kukusanyia upepo, na nyuma akakata njia ya kutokea, pana kuliko ya kuingilia. Sensa akaifunga rubani mwenyewe, mimi nimesimama mbali, mikono mgongoni.

Sindano ilipanda. Tisini. Tisini na tano. Tisini na nane. Ikasimama, dakika kumi, injini inanguruma kwa nguvu zote. Tukazima, tukarudia. Tisini na nane!

Na Jumanne ameruka. Ameruka, ndugu zangu! Fundi alishika redio. Tukasikia sauti yake kutoka juu, "Ninapanda. Oili mia na nne." Fundi akaisogeza redio sikioni. "Mia na nne bado." Mzee alikaa chini kwenye nyasi na suruali yake safi. Mtoto wa fulana alikuwa anakimbia kwenye uzio, huku na huku, kama yeye ndiye anayerusha.

Namshukuru mzee, aliyenifundisha bila kunitukana, ingawa aliniuliza bei ya mita. Namshukuru yule dada aliyekuja kukaa kwenye kigoda changu wakati alikuwa na haki ya kunipita. Nawashukuru wahuni wa Gatsata kwa umeme. Na kwenu nasema hivi: kama kuna namba nyumbani kwako, ya presha, ya sukari, ya kitu chochote, na umeiwekea kitambaa ili isikuogopeshe, leo kitoe. Namba haikuchukii. Inakuambia mahali pa kukata njia ya upepo.

Masaa ya majaribio, ambayo rubani lazima aruke peke yake, yanakwisha wiki hii. Jumamosi kiti cha pili ni changu, na sensa nimeshaikagua kwa vidole vyangu, chuma kwa chuma. Mnaotaka kuniombea, injini iacheni, iko salama. Liombeeni tumbo langu.