Mabati ya Juu

Gari la abiria la kwenda Kamanyola lilikuwa halijatoka kituo cha Kimanga wakati mama mmoja mzee alipouliza nani alikuwa na mabati mengi hivyo juu ya gari.

"Ni yangu," akajibu mwanamke aliyekaa kando ya abiria mwenzake, Alliance, mtoto mapajani. "Ziwa liliingia mpaka ku kitanda."

"Na nani aliyang'oa?"

"Ni minye mwenyewe."

Gari zima likamgeukia. Alliance akavuta kitenge chake. Kwao mwanamke akipanda paa la nyumba, anamwitia mume wake kifo.

"Weye mutoto, utaua bwana yako!" mama mzee akasema.

"Bwana iko ku machimbo ya zahabu. Alisema, ngoja nirudi. Bashemeji nao wakasema, ngoja bwana. Asubuhi moja maji ikabeba sufuria. Mutoto akacheka, akazani ni mutumbwi. Pale nikaona hakuna muntu wa kungoja."

"Na bwana anajua?"

Mwanamke akamkumbatia mtoto kwa nguvu. "Tangu siku ile simu yake haipite."

Mama mzee akafanya ishara ya msalaba. "Si unaona!"

"Naogopa, mama. Lakini ningengoja, ningeogopa nikiwa ndani ya maji."

Wakafika Kamanyola. Pale dereva akasema yeye hagusi mabati yale. Mwanamke akampa Alliance mtoto, akakanyaga gurudumu, akapanda juu ya gari. Mama mzee akageuza uso. Alliance naye alitaka kugeuza wake, lakini mtoto alikuwa akimtazama usoni, apate kujua kama aogope.